Stima Ilipopotea Kiamunyi

Saa tano na robo. Jerotich, jicho darubinini,
ananikataza kukanyaga ubao: jiwe linatetemeka.
Si jiwe. Ni sisi.

Huko juu lapita, kubwa kama uwanja wa Afraha,
nasi hatulioni; taa za mji zimelimeza.

Ndipo stima ikapotea.
Nakuru ikalaani: kinyozi aliyenyoa nusu kichwa,
mwenye friji ya samaki,
mtoto wa jirani na mtihani wake.
Sisi tukacheka kama wezi.

Kila dakika, alama ya penseli:
hapa, hapa, sasa hapa,
nukta ikijipenyeza kati ya nyota mbili.

Mama, toka chini: "Litatuangukia?"
"Linapita tu."
"Bila hata hodi?"

Alama ya kumi na tisa haikuchorwa.
Stima ilirudi.