Kutamka Bei

Mwaka wa kwanza nilipiga picha vizuri
na kutaja bei vibaya.

Chumba cha Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
kilikuwa ghala la mkaa kabla yangu.
Nimekipaka chokaa mara tatu
na bado weusi unachungulia pembeni,
kama jirani asiyekaribishwa.

Kamera niliinunua Muheza kwa Bwana Shekalaghe,
aliyeacha harusi kwa sababu ya magoti.
Kitufe hukwama ukikibonyeza kwa wasiwasi.
"Ukiogopa, nayo inaogopa," akasema,
akahesabu noti zangu mara mbili,
akanirudishia elfu tano ya nauli.

Mchora kibao alianza na herufi kubwa mno:
MWAJABU PICHA. PASIPOTI, HARUSI, MAHAFA
ubao ukaisha.
LI akaipachika chini, peke yake.
Mtaa mzima ukanicheka:
"Mwajabu, unapiga harusi na maafa?"

Nilicheka nao. Kibao si tatizo.
Tatizo bei.
Ilinikaa kooni kama mwiba wa changu.
Mteja akiuliza, "Kiasi gani?"
macho yangu yalikimbilia sakafuni:
"Utakachojaliwa, shangazi."
Na mashangazi walijaliwa kidogo.

Harusi ya Makorora,
tangu alasiri hadi saa saba za usiku,
picha mia sita na arobaini,
nikalipwa pilau, sahani juu ya sahani,
na sifa: "Huyu binti hana makuu."
Sifa hainunui betri.
Bwana Semkiwa mwenye chumba
nilimpelekea sifa, akataka kodi.

Mama yangu anakaanga mihogo Mabanda ya Papa.
Nilikwenda kukaa naye wiki nzima,
si kwa mihogo, kwa mdomo wake.
"Shilingi ngapi?"
"Mia tatu."
Kisu hakisimami. Hasemi mafuta yamepanda.
Hasemi samahani.
Anataja, ananyamaza,
na kile kimya ndicho kinachouza.

Nikarudi, nikafunga mlango,
nikaiambia ndoo: laki tatu na nusu.
Nikaliambia shuka jeupe la pasipoti,
nikakiambia kiti.
Fundi cherehani wa chumba cha pili
akajibu kupitia ukutani: "Ghali!"
Basi nikajua inasikika.

Ndipo ikaja kazi ya mkonge, Pongwe.
Mhasibu Kihiyo, kalamu mbili mfukoni,
anataka picha za mashine na singa zilizoanikwa.
Akauliza.
Nikataja.
Nikanyamaza, nikihesabu feni inavyozunguka,
kumi na moja, kumi na mbili,
goti langu likitetemeka chini ya meza
ambako, alhamdulillahi, hakuweza kuliona.
"Lete ankara," akasema.

Sikuwahi kuwa na kitabu cha ankara.
Nilikinunua jioni ile ile,
nikaandika namba 0047,
Mungu anisamehe,
wasijue kwamba ni ya kwanza.

Sasa nina taa mbili,
nina Mhina anayekata pasipoti kwa mkono ulionyooka,
nina kamera ya pili. Ile ya kwanza bado inakwama,
siku hizi mara moja moja.

Alhamisi mama akaja,
poda shingoni, anataka picha ya kadi ya bima.
"Shilingi ngapi?"
Macho yangu yakaenda sakafuni, palepale pa zamani.
"Mama, wewe kaa tu."
Akasimama.
"Nimekuuliza bei."
"Elfu nne. Picha nne."
Akanyamaza.
Nakijua kimya kile, nimekisomea.
"Tatu na nusu."
Nikanyamaza na mimi.
Mhina ameshika mkasi hewani, hajui amtazame nani.

Mama akafungua pindo la khanga,
akahesabu sarafu zinazonuka mafuta,
zote,
akakaa, akainua kidevu.

"Haya. Na mashavu yangu usiyapunguze."