Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Saa moja jioni napiga simu.
Mbele yangu karatasi yenye mistari kumi na minne,
mmoja kwa kila siku tangu jiwe livunjwe kwa leza
na mpira mwembamba kuachwa ndani,
kati ya figo na kibofu, ulinde njia isizibe.

Swali ni moja. Nimekatazwa kulipamba:
kutoka sifuri hadi kumi, leo maumivu ni ngapi?

Namba 017, mpasua mawe wa Njiru, hucheka kwanza.
"Dada, nimekata mawe ya nyumba za watu
miaka ishirini na miwili, futi kwa futi,
leo cha milimita saba kimenikata mimi."
Ngapi, kaka?
"Andika: kama nyundo ikikosa tindo."
Sina mahali pa nyundo. Nina kisanduku.
Naandika sita.

Namba 023 wa Eastleigh, sauti ya chini, ya haya:
"Kabla ya kwenda msalani, mbili.
Nikitoka, tisa. Kisha mbili tena,
kama mdai anayebisha hodi na kujificha."
Mwongozo wasema chukua kali zaidi.
Naandika tisa, na zile mbili zapotea
kana kwamba hakupata nafuu hata dakika.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wa kale.
Lakini maiti hapigiwi simu.

Wengine wanameza kidonge cha kulegeza mrija,
wengine kidonge cha rangi ileile kisicho na kitu.
Nani kapewa kipi sijui, wala hawajui wao.
Majibu yako kwenye bahasha, bahasha kabatini,
ufunguo anao Daktari Sichangi,
naye ameapa kutoufikiria.

Namba 041 anakaanga mandazi karibu na soko la Burma.
Nyuma ya sauti yake nasikia mafuta.
Maumivu? Nne. Maji umekunywa lita ngapi?
Kimya. Mafuta yachemka.
"Moja. Haijafika moja."
Mama, tulisema tatu.
"Mlisema. Choo cha pale ni shilingi kumi.
Lita tatu ni kwenda mara nane,
mara nane ni themanini,
na nikiondoka, jiko namwachia nani?
Ninyi mnahesabu maji yanapoingia.
Yanapotoka nahesabu mimi."

Kisanduku cha hilo hakuna.
Naandika pembeni, kwa penseli: *choo, 80.*

Ijumaa, mkutanoni, daktari anageuza karatasi.
"Hii themanini ni kipimo cha nini?"
Mtu wa takwimu anainua miwani.
Naeleza. Feni inazunguka.
Daktari anasema polepole, kama anayejisomea:
"Miaka kumi na moja nawaambia watu wanywe maji."
Kisha haongezi neno.

Barua ilikwenda kwa kamati ya maadili,
tuombe nauli ya choo iingizwe kwenye bajeti.
Bado tunangoja.

Siku ya kumi, 041 alikuja kliniki na kichungi chake cha chai,
kile tulichomwagiza akojolee,
na ndani ya risiti ya unga iliyokunjwa mara nne
chembe tatu za kahawia, ndogo kuliko mtama.
"Hawa ndio waliokuwa wananigaragaza sakafuni?"
Hao hao.
"Mkishawaangalia, nirudishieni."
Nikamwambia ukweli: maabara itazisaga.
Akafikiri. Akatabasamu kwa upande mmoja.
"Basi zisagwe laini. Zisionewe huruma."

Jioni ya kumi na nne. Mpira umeshatolewa.
Ngapi leo, mama?
Mafuta yachemka. Mtoto anaomba chenji.
"Sifuri," anasema,
nami nashika kalamu.
"Lakini andika ni ya leo.
Ya kesho usiniandikie."

Kisanduku ni kidogo.
Naandika sifuri, kisha, pembeni,
kwa penseli, *ya leo.*