Tisa Mbili

Jumatano jioni, ghorofani juu ya maktaba, Blaenau Ffestiniog,
mvua inagonga kioo kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nawasha hita. Nafuta ubao. Napanga viti sita
ingawa wiki jana walikuja watatu.

Meinir ndiye wa kwanza, na harufu ya jiko la shule bado i nguoni,
mikono imeiva kwa maji ya moto.
Hupikia watoto mia mbili na arobaini
na hajawahi kukosea chumvi.
Ila nikiandika robo tatu ubaoni
macho yake yanahama, yanautafuta mlango.
"Hiyo tatu iliyopanda juu ya nne," aliniambia siku ya kwanza,
"inanitazama kama mwalimu Prosser."
Simjui Prosser. Kazi yake nimeikuta
kwa kila mwanafunzi niliyepewa.

Kisha Idwal. Miaka arobaini na mitatu juu ya mapaa,
akipigilia vigae vya mawe,
hadi goti lilipogoma, kampuni ikamshusha chini
ikampa fomu: jaza vipimo, tia asilimia.
Mtu huyu husimama barabarani, akafumba jicho moja,
akakwambia paa lile linakula vigae elfu mbili na mia tatu,
na ukimaliza kuezeka utakuta vimebaki kumi.
Hesabu za karatasi alikuwa nazo Olwen, mkewe.
Mali bila daftari huisha bila habari;
Olwen alizikwa Machi.
Hili hakunisimulia. Niliona tu, pembeni mwa bahasha anazokuja nazo,
kutoa na kujumlisha kwa penseli,
tarakimu nyembamba kama sindano.

Leo ni jedwali la tisa.
Tisa mara moja, wamepita.
Tisa mara mbili,
na Idwal anakohoa, anatazama buti zake.
Naiona aibu ikimpanda shingoni,
mzee wa miaka sitini na moja anarudi kuwa wa saba,
kasimamishwa pembeni, uso ukutani.

Nami nikangoja.
Chuoni walitufundisha kungoja.
Hawakusema kwamba kimya nacho kina bakora.

Meinir akauliza, bila kuinua kichwa,
"Nyanya yako aliitaje kumi na nane?"
"Deunaw," akajibu papo hapo, Kiwelisi cha zamani,
jinsi mtu anavyotaja jina la mbwa wake.
Kisha akalirudia, akilitafuna.
Deu.
Naw.
Mbili. Tisa.
"Ala!" akasema. "Kikongwe yule!
Kanipa jibu tangu niko mgongoni, nami sijui nimepewa."

Nimezaliwa mji huu. Neno hilo nimelitamka
nikitaja tarehe, nikitaja umri wa mwanangu.
Nina shahada ya hesabu, imo kwenye fremu.
Sikuwahi kulisikia.

Meinir alicheka mpaka akaomba leso.
Halafu, kama aliyeibiwa woga wake akiwa hatazami,
akachora trei, akaikata mara nne, akafuta kipande.
"Robo tatu," akasema, "ni pai baada ya darasa la kwanza kupita."
Sikuongeza neno. Ningeongeza nini?

Asilimia bado zinamshinda Idwal, sitadanganya.
Tulijaribu mbili, zote zikatutoka,
na ya pili nilikosea mimi.
Lakini kabla hajavaa koti alitoa bahasha,
na chini ya sindano za Olwen
akaandika kumi na nane yake,
nene, imeinama, ile nane kama mawe mawili
yaliyobebeshana na hayajaamua kuanguka.
Akaipuliza, ingawa ilikuwa penseli.

Ilikuwa saa tatu kasorobo.
Nilizima hita.
Kwenye ngazi nikajikuta nahesabu vidato kwa sauti,
kwa namba za nyanya.