Kiwimbi

Barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya pili,
juu ya duka la beringi na fenibelti,
ndipo ninapovisha majina ya watu nguo.

Fonti hii niliinunua kwa hela zangu
(usinicheke, jengo hili wote wanaiba).
Tazama H inavyoinuka,
bi harusi ameshika gauni asilikanyage.
Tazama g inavyoshusha mkia, inauzungusha,
inarudi kumgusa jirani begani.
Kalamu hainyanyuki hadi neno liishe.

Nimeiweka kwenye keki za Buruburu,
kwenye saluni mbili za Ngara, chupa za asali ya Kitui,
vyeti vya watoto wa chekechea
waliohitimu kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.
Siku moja nikaijaribu kwa *Usikojoe Hapa*.
Ikawa kama mwaliko.

Jumanne akaja Mwalimu Musembi,
kofia mkononi, picha ya mama yake ndani ya bahasha.
Programu ya mazishi, kurasa nane, kopi mia mbili.
“Nataka yale maandishi ya harusi,” akasema.
“Yeye alitolewa mbuzi tu. Kadi hakuwahi kupata.”

Nikapiga jina.
N ikaja kwa maringo, d ikaifuata,
kisha kisanduku kitupu,
dirisha la nyumba ambayo hajahamia mtu,
kisha nge, imebaki peke yake ng’ambo.
Aliyeichora fonti hii, huko aliko,
hakupata habari zetu.

“Tuweke u ya kawaida,” nikasema. “Watu wataelewa.”

Akanitazama vile walimu hutazama.
“Huyo ni mtu mwingine.
Kwenye kitambulisho walimwandika hivyo hivyo,
miaka arobaini na tatu.
Alikuwa akiitika kwa adabu tu.”

Basi nikaifungua fonti, nikaingia jikoni kwake.
Nikamkuta Q amekaa,
katika Kiswahili hana kazi, katika Kikamba hana kazi.
Nikamkata mkia.
Nikaulaza, nikaupunguza unene,
nikaupandisha juu ya u.
Ukaegemea upande kama kofia ya mlevi.
Mwalimu akasogea, kidole karibu kigonge kioo:
juu kidogo.
Rudi.
Hapo.

Ndũnge.

Akalisema polepole, kwa sauti ya mtu anayebisha mlango
huku akijua nani yuko ndani.
Chini, fundi alikuwa akigonga chuma.
Mashine ikaanza kutema karatasi, zikatoka zina joto,
akaishika ya kwanza kwa mikono miwili.

Salio lake la shilingi hamsini alilisahau.
Liko bado kwenye droo.

Wiki hii nina bi harusi, Nyagũthiĩ.
Ana viwimbi viwili.
Amesema tuviache tu, si neno, gari linamngoja.
Nimemvutia kiti.