Mtahiniwa wa Kibinafsi

Karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga
mlangoni mwa ofisi ya elimu:
Mtahiniwa alete kitambulisho.
Alete cheti cha msingi.
Alete ada, nayo haitarudishwa.
Majina yote yalandane.
Niliisoma nikiwa kando,
kama asomaye tanzia ya mtu asiyemjua,
hadi punda mwenye mzigo wa matumbawe akanisukuma karibu.

Nilitafuta umri. Juu, chini, hata pambizoni.
Haukuandikwa.
Arobaini na mbili, basi, haikukatazwa.

Cheti sikuwa nacho. Shule ilikishika
kwa deni la dawati, shilingi mia tatu na hamsini.
Baba alisema atalipa Idi ikipita.
Idi zimepita, mbili kila mwaka, nihesabie.
Nimeshona kofia tundu kwa tundu,
nimewavisha wanaume wa Langoni na wa Mkomani,
hakuna aliyeniuliza nimeishia darasa gani.

Mwalimu mkuu wa sasa, Bwana Mwachiti,
kazaliwa mwaka nilioolewa.
Alipokea deni, akaandika risiti, akafungua kabati.
Mchwa walikuwa wamenitangulia kusoma.
Wamekula mwaka, wamekula muhuri,
wamekula alama ya Hisabati
(hiyo nawasamehe),
jina wameliacha:
SOMOWE SHEHE.

Kitambulisho changu kinasema Somoe Shee.
"Wewe ni yupi?" akauliza karani,
wala hakuwa na ubaya, alikuwa na foleni.
Mwalimu wa bara aliniandika alivyonisikia.
W moja, h moja,
na hizo mbili zilinipeleka kwa wakili
kuapa, kwa ada nyingine,
kwamba mimi ni mimi.

Mama, kitandani, akataka kujua:
"Yeo umeapa nini?"
Nikamwambia.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Ningeapa mimi bure. Nalikuwapo."

Masomo saba, yasipungue.
Usiku Mwanate ananifunza, naye ni kidato cha nne,
tutakaa mtihani mmoja, mama na mwana.
Ananieleza x:
ni kitu usichokijua, unakipa jina
ili upate kukisema.
Mwanangu, nikamwambia, hiyo naifahamu,
ndivyo nilivyoolewa na babako.
Akaficha uso kwa daftari. Sindano yangu ikaendelea.

Asubuhi ya mtihani nilipewa namba.
Afueni. Namba haina h.
Askari, binti mdogo mwenye hina iliyofifia kuchani,
akanipapasa mabega, kiuno, pindo la buibui,
akasimama.
Sindano. Na uzi mweupe, shubiri moja.
Sikumbuki niliichomeka lini.
Akatazama orodha ya marufuku:
simu, saa, karatasi yenye maandishi.
Haimo.
Akatazama orodha ya vinavyoruhusiwa:
kalamu mbili, rula, kikokotoo.
Haimo.
Akamwita msimamizi. Msimamizi akavaa miwani.
Wakainama juu ya sindano yangu kama wanaosoma hukumu,
nami mikono nimeitandaza, shati kwenye kamba,
na nyuma yangu foleni ya watoto wa watu,
mmoja wao Mwanate, aliyejitia hanijui.

"Iache nje, mama," akaamua.
Nje pa kuiacha hapakuwa na meza wala dirisha,
kulikuwa na masharti ukutani, nakala ileile.
Nikaichoma hapo, chini ya *yalandane*,
uzi ukaning'inia.

Ndani, dawati. Halina deni, nadhani.
Karatasi ya kwanza ikaniambia, kabla ya swali lolote,
niandike jina langu.
Wenzangu waliandika mara moja wakafunua ukurasa.
Mimi nilikwenda polepole, bila w,
bila h,
na dakika nzima ya mtihani wa serikali
niliimalizia pale.