Hatua Sitini

Mguu wangu wa kushoto ulianza kunidai ushuru
mwaka juzi, kwenye mlima wa Makanga.
Hatua sitini, kisha: simama.
Shavu la mguu linakazana
kama kamba ya mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Mimi Turyahikayo, polisi miaka ishirini na miwili,
niliyepigishwa gwaride kwa Kiswahili cha amri,
nyuma geuka, mbele tembea,
leo naamrishwa na mshipa
usio hata na tepe moja begani.

Niliona haya. Nikajifunza kusimama
kama mtu aliyetaka mwenyewe.
Hatua sitini: duka la Bainomugisha,
nasoma bei za saruji nisiyokusudia kununua.
Sitini tena: fundi viatu, namuuliza habari za soli.
Sitini nyingine: meza ya Kyarisiima, muuza unga wa mtama.
"Unga wa leo umesagwa lini?"
"Jana."
Kesho yake nikauliza vilevile.
Siku ya tisa kigoda kilikuwa nje kabla sijafika.

Mji ukasema: Afande amelainika,
tangu astaafu ana muda na watu.
Nikaipokea sifa hiyo, ya wizi,
nikaiweka mfukoni pamoja na sigara.

Ila usiku, baridi ya Kabale inajua kuchagua.
Mguu mmoja ulipoa kama jiwe la mtoni;
nikauvika soksi mbili, mwenzake moja,
ikalala kitanda kimoja
kama watoto wa mama wawili.

Daktari Ninsiima, binti mdogo, mikono yenye joto,
alitafuta mapigo juu ya wayo wangu
kwa vidole viwili, taratibu,
kama anayebisha hodi nyumba iliyozimwa taa.
"Njia zimebanwa, mzee.
Damu inapita kama lori la viazi kwenye tope la Aprili."
Akaandika cheti. Jina la dawa refu kuliko dawa:
pentoksifilini.
Nililikariri njia nzima kama nambari ya bunduki.
"Meza kizima. Usikitafune, usikivunje.
Pamoja na chakula, mara tatu.
Hakizibui njia; kinailegeza damu
ipenye palipobaki.
Na utembee. Na sigara?"
Nikatazama dirishani.
"Sigara," akarudia,
na nikamsikia sajenti wangu, Mungu amrehemu.

Jogoo wawili wakageuka vidonge.
Wiki ya kwanza, kichefuchefu.
Ya tatu, hakuna kitu,
nikaanza kuwakumbuka jogoo kwa majina.

Wiki ya sita, Jumanne,
nikahesabu sitini, na ulimi ukaendelea peke yake:
sabini, tisini, mia na kumi.
Bainomugisha akainua mkono, nikampita.
Fundi viatu akafungua mdomo, nikampita.
Kigoda cha Kyarisiima kilikuwa nje, kimefutwa umande.
Nikakipita pia, mbele tembea,
hadi lango la hospitali, mara moja tu nikipumzika.
Pale juu niligeuka. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni.
Nilitaka kumwambia mtu.
Mlinzi alikuwa amesinzia.

Jioni mtoto akaja mlangoni, pumzi juu juu:
"Mama anauliza umemkasirikia nini."

Basi Jumatano. Hamsini na nane, hamsini na tisa.
Mguu kimya. Haudai chochote.
Nikasimama.
Kidonge cha mchana kimo mfukoni,
pale zilipokuwa sigara,
nacho hakimezwi bila chakula.
Akanimiminia bushera, uso bado umefungwa.
"Umekuuma tena?"
Kumbe alijua. Siku zote alijua.
"Hapana," nikasema, nikaketi.
"Unga wa leo umesagwa lini?"