Wali Bila Moshi

Mji unaitwa Moshi
na mwenye nyumba hataki moshi.
Mzee Kiwelu amebandika karatasi mlangoni pa choo:
mkaa marufuku, kuni marufuku, dari ni jipya.
Gesi nayo iliisha Jumanne, mshahara uko mbali,
basi mimi, binti wa Mabogini,
niliyetambaa kwenye kingo za majaruba,
napika wali ndani ya kabati linalonguruma.

Maikrowevu hii niliuziwa na daktari
aliyekuwa anahama Shanty Town.
Mlango wake una plasta ya hospitali,
sahani yake ina ufa,
na tarakimu ya nne haibonyezeki,
kwa hiyo sijawahi kupika chochote dakika nne.

Nimejifunza kwa hasara:
kikombe kimoja cha mchele,
viwili vya maji, na tone la wasiwasi,
chumvi, kijiko cha mafuta,
bakuli kubwa kuliko unavyodhani,
maana povu likipanda halina adabu.
Dakika kumi moto mkali.
Nane moto wa nusu.
Tano usifungue. Hizo tano ndizo ngumu.

Jumamosi mama akaja na kiroba begani,
mchele mpya, bado unanukia turubai na jua.
Akauliza mafiga yako wapi.
Nikanyoosha kidole.
Akavuta stuli, akakaa mbele ya kioo
kama mtu aliyefika benki kabla haijafunguliwa.

Mama Nakiete,
aliyeamia ndege tangu ana meno ya utoto,
debe mkono huu, kombeo mkono ule,
shingo ngumu kwa kutazama juu,
sasa anatazama bakuli likizunguka,
likizunguka,
na kichwa chake kinalifuata kidogo.

"Huu moto unakaa wapi?"
Haukai, mama. Unatikisa maji yaliyo ndani ya punje.
"Kwa hiyo punje inajipika."
Kama hivyo.
Akanyamaza. Kisha:
"Na ukoko?"

Hapo sikuwa na jibu.
Kwetu ukoko uligombewa.
Kaka Mbonea alining'oa jino kwa ajili yake
mwaka ule mfereji ulipokauka
na kwelea wakaondoka na nusu ya shamba.
Mama aliukwangua kwa mwiko, akaugawa kwa macho,
akatupa vipande tukiwa bado tunalia,
na mlio wake mdomoni ulitunyamazisha.
Bakuli la kioo halishiki kitu.
Linaoshwa mara moja, linasahau.

Kengele ikalia mara tatu.
Nikainuka; akanizuia kwa kiganja.
Zile dakika tano alizihesabu mwenyewe, midomo ikicheza,
bila saa,
na tulipofunua, mvuke ukampanda usoni
akafumba macho kama anayesalimiwa na mtu wa kwao.

Tulikula na mchicha na dagaa.
Alifinyanga tonge, akalinusa,
akala, akala tena.
"Umeiva," akasema.
"Kwa mtu mmoja unatosha."

Sikulijibu neno hilo.
Nililala nalo, upande wa ukutani.

Usiku wa manane nikasikia mlango ukibofya.
Taa ya chumba hakuiwasha, asiniamshe.
Alikuwa ameiacha maikrowevu wazi,
na kile kitaa chake cha njano
kimemwagikia ungo uliokuwa mapajani pake.
Alikuwa anachambua mchele wa kesho:
jiwe, chuya, jiwe,
akivirundika juu ya bahasha ya bili ya maji.

Kisha akaanza kupima.
Sikufumbua macho. Nilisikiliza
punje zikimwagika bakulini:
kikombe kimoja.

Akasita.

Cha pili.